Mashine Iliyokwama Mikononi Mwako Tu

Naliaka mwanangu,

Najua utacheka ukiona nimekuita hivyo. Cheka tu. Nimekupita miaka mitatu na miezi michache, bado navaa sare ya shule, na mwanamume aliyekuwa na haki ya kukuita mwanangu alifariki kabla hujajua kusoma. Lakini tangu Mama apate kazi ya kupika na kulala kule mtaa wa Jamhuri, akiondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni, mtu wa kukuamsha nimekuwa mimi, na wa kukupikia, na wa kutia sahihi daftari lako la kazi za nyumbani kwa mwandiko wa Mama. Mama Shiru, mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, alipoanza kuniita Baba Naliaka pale mferejini, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ndoo mbili mkononi.

"Baba Naliaka, mtoto amekula?"

Wanawake wote wakacheka. Nikajibu, "Amekula," kwa sababu ulikuwa umekula kweli na sikujua jibu lingine. Wakacheka zaidi. Jina likanishika kuanzia siku hiyo, na leo nalitumia kwa hiari yangu.

Ni Jumapili, saa tisa hivi. Wewe umeenda kunyolewa kama shule yako mpya ya bweni ilivyoagiza. Mama yuko nje, anaandika jina lako kwenye godoro kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuonekana hadi Kinoo. Kesho asubuhi mtapanda basi la magharibi, na hutarudi hapa Dagoretti hadi muhula uishe. Sitakuandikia habari ya kuanika blanketi wala ya kufunga sanduku kwa kufuli mbili. Hayo Mama ameshayasema, na atayasema tena njiani. Mimi nina jambo moja tu, na ni langu.

Kesho mkifika, Mama ataketi mbele ya mwalimu na kutia sahihi fomu ya masomo yako. Wewe umechagua kompyuta. Mama anataka kuliondoa somo hilo akuwekee sayansi ya nyumbani. Amelisema kwa simu tangu Ijumaa, amelisema jana tukinywa chai: "Huyu mtoto ana mkono mzito. Ya hapa nyumbani aliiua, kama si Barasa tungekuwa tunaitumia kama stuli. Sasa niende nikamwachie za shule?" Ulikuwa umeketi kitandani unakunja soksi. Uliinua macho ukanitazama mara moja, halafu ukaendelea na soksi.

Mimi nami nilinyamaza. Nikainamia kikombe changu kama mtu anayesoma majani ya chai.

Basi nakuandikia mambo yalivyokuwa, hata kama unayajua. Nataka uyaone kwa mwandiko wangu, yakikaa kwenye karatasi ambayo unaweza kumwonyesha mtu yeyote.

Unakumbuka kompyuta ilivyofika? Majirani wa waajiri wa Mama walikuwa wanahama nchi, wakampa ile ya zamani iliyokuwa imewekwa stoo. Ilitoka barabarani kwa mkokoteni, imefungwa blanketi, nawe ukatembea kando yake ukiwa umeweka mkono juu yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Haikuwa na sauti, kwa sababu sauti yake ya asili ilikuwa imekufa, na haikuweza kushika waifai ya ploti. Nikaazima kitabu kinene cha kompyuta katika maktaba ya shule, nikakisoma mara tatu. Nikaenda mjini nikarudi na kadi mbili zilizotumika, moja ya sauti na moja ya waifai. Ndani ya mashine kulikuwa na nafasi tatu za kuchomeka kadi. Mbili za juu zilikuwa wazi. Ya tatu, ya chini, ilizibwa kwa nyuma na kipande cha bati, kile cha kuvunjwa mara moja tu na hakirudi tena. Mimi napenda vitu vinavyorudi. Nikaziweka kadi zangu mbili katika zile nafasi za juu, zikibanana, zikaonekana nadhifu kama vitabu kwenye rafu.

Mashine ilipotoa sauti, ulisimama ukasema polepole, "Barasa, inaongea." Sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo, hata shuleni.

Wiki mbili baadaye ikaanza kukwama. Picha inaganda, mshale hauendi, na sauti inarudia kipande kimoja kama mtu mwenye kigugumizi, hadi uchomoe waya ukutani.

"Umegusa nini?" nilikuuliza mara ya kwanza.

"Sijagusa kitu."

"Lazima umegusa."

"Nimegusa kibodi, Barasa. Ulitaka niiandikie kwa mawazo?"

Nikakwambia usinijibu hivyo. Nilikuwa naanza kuwa na sauti ya mzazi, na nilikuwa naipenda.

Nilichokiona ni hiki: mashine haikuwahi kukwama mikononi mwangu. Hata siku moja. Nikikaa mimi, inafanya kazi jioni nzima. Ukikaa wewe, dakika kumi. Mtu yeyote anayesoma vitabu angesema hapo ushahidi umekamilika. Lakini sikujiuliza mimi nafanya nini nikikaa, na wewe unafanya nini. Mimi nikisoma mtandaoni nazima sauti, kwa sababu kelele hunichanganya. Nikisikiliza masomo niliyoyahifadhi, nazima mtandao ili nisishawishike kuzurura. Wewe ulikuwa unatengeneza mchezo wa redio na kikundi chenu cha drama. Ulitafuta mtandaoni mlio wa mvua, wa mbwa, wa mlango wa bati, ukaucheza hapo hapo huku ukirekodi sauti yako. Ulitumia kadi zote mbili kwa pamoja, jinsi zilivyokusudiwa kutumika. Mimi ndiye niliyekuwa naitumia mashine nusu nusu, nikajisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi.

Nikazipeleka kadi mjini kwa Njeri, yule fundi wa gorofa ya pili mwenye kibanda kama kabati. Hujawahi kumwona. Anaongea huku skrubu iko mdomoni. Alichomeka kadi ya sauti kwenye mashine yake, akacheza wimbo. Akaitoa. Akachomeka ya waifai, akafungua habari za mpira. Akaitoa pia.

"Brathe, hii iko sawa. Na hii pia iko sawa. Kadi hazina shida."

"Sasa shida iko wapi?"

"Nani hutumia hiyo mashine?"

"Mimi. Na dada yangu mdogo."

"Ukitumia wewe inakwama?"

"Haikwami."

Akacheka, na wateja waliokuwa nyuma yangu wakacheka. "Basi shida umeipata. Enda urekebishe dada, mi hutengeneza kompyuta tu."

Sasa sikiliza kitu ambacho sijamwambia mtu. Mfukoni nilikuwa na karatasi. Unajua mimi huandika maswali kabla ya kwenda mahali, kwa sababu nikifika hupotea. Swali la tatu kwenye karatasi ile lilikuwa: *Tafadhali, unaweza kuzijaribu zote mbili kwa wakati mmoja?* Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa kalamu yangu, usiku uliotangulia. Kama ningelisoma kwa sauti, mambo yote yangeishia pale kibandani. Lakini kulikuwa na foleni, watu walikuwa wanacheka, na jamaa mmoja nyuma yangu alisema, "Buda, songa." Nikasonga. Nikashuka ngazi na swali langu mfukoni, nikarudi nyumbani nikaifungia mashine kwa neno la siri na kukwambia fundi amethibitisha kwamba tatizo ni wewe.

Ilikuwa rahisi kukulaumu wewe kuliko kusimama mbele ya watu wanne na kusoma mstari mmoja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo. Watu husema mtu mwenye haya hana madhara, kwa kuwa hapigi mtu wala hatukani. Haya zangu zilikunyang'anya mchezo wako. Siku ya kufunga shule nilikuja kama mzazi wako, nikaketi nyuma na kina mama, kikundi chenu kikakariri shairi mahali pa mchezo wa redio. Ulisimama mstari wa pili. Nikapiga makofi. Sijui ulinionaje.

Mchezo ule haukumalizika na sina njia ya kuurudisha.

Kisha likizo ya Aprili. Nilitoka masomo ya ziada saa kumi, nikafungua mlango, nikakuta mashine imelazwa sakafuni, ubavu wazi, kadi zangu mbili zimepangwa juu ya leso safi, na wewe umechuchumaa na koleo la Mama Shiru. Nikapaza sauti. Unakumbuka nilisema nini. Nilisema, "Nilikukataza."

"Ulinikataza kuitumia. Hukunikataza kuifungua."

"Neno la siri umelijuaje?"

"Nililijua siku ya pili. Ni jina la mwalimu wako wa Kiswahili. Lakini sijaliweka hata mara moja, kwa sababu ulisema nisiitumie. Keti."

Nikaketi. Sijui kwa nini, lakini niliketi. Ukanipa daftari lako la drama, lile lenye jalada la bluu ambalo nilidhani ni la mistari ya mchezo. Nyuma, kurasa mbili za mwisho, ulikuwa umechora jedwali kwa rula. Mara kumi na moja mashine ilipokwama, tangu ya kwanza kabisa. Siku, saa, sauti ipo au haipo, mtandao upo au haupo, stima ilikuwa imepotea siku hiyo au la. Kwenye kila mstari sauti ilikuwepo na mtandao ulikuwepo. Na chini, mstari wa peke yake: *Barasa hutumia kimoja kimoja.*

Nilisoma mstari ule mara mbili. Ulikuwa umeniona. Miezi yote niliyokuwa nakuchunguza wewe, wewe ulikuwa unachunguza mashine, na mimi nikiwa sehemu yake.

"Weka neno lako la siri," ukasema. "Washa sauti peke yake." Tulirudisha kadi, nikawasha, tukasubiri robo saa. Hakuna kitu. "Zima sauti, washa mtandao." Robo saa nyingine. Hakuna kitu. "Sasa zote." Haikufika dakika sita. Ikaganda mikononi mwangu, Naliaka, vidole vyangu vikiwa juu ya kibodi, na wewe ukasema kwa upole wa kuudhi, "Umegusa nini?"

Kisha ukanionyesha ile orodha ya ndani ambayo mimi niliisoma kitabuni mara tatu lakini sikuwahi kuifungua. Kila kadi hupewa namba, laini yake ya kuuita ubongo wa mashine inapotaka kuhudumiwa. Kadi mpya zinaweza kutumia laini moja bila ugomvi. Hizi zetu ni za zamani. Zote mbili zilikuwa kwenye namba kumi na sita, zinaita kwa wakati mmoja, na ubongo haujui umjibu nani, unasimama. Kila moja ilikuwa nzima. Njeri hakudanganya. Ni mahali nilipoziweka mimi, zikibanana juu kwa ajili ya unadhifu, ndipo zilipokosana.

"Tuhamishe ya sauti iende chini," ukasema.

"Chini pana bati."

"Bati linavunjwa."

"Halirudi."

"Barasa," ukasema, "unataka kulitumia wapi tena?"

Ukalishika kwa koleo, ukalipinda mara mbili, likatoka. Nilifumba macho. Ukachomeka kadi chini, ukawasha, ukafungua orodha: kumi na sita, kumi na nane. Ukacheza mlio wa mvua kutoka mtandaoni, ukarekodi sauti yako juu yake. Ulisema nini? Ulisema, "Leo Jumanne, mvua inanyesha Dagoretti, na kaka yangu amefumba macho." Saa nzima haikukwama. Ile rekodi bado ninayo. Naisikiliza nikikosa hesabu.

Hapo ndipo nilipojua umenipita. Sio kwa kompyuta tu. Mimi nikikosewa hujifungia na kitabu. Wewe ulikosewa na mtu uliyemtegemea kwa chakula na sahihi, ukatii marufuku yake ya kipumbavu hadi mwisho, ukatumia muda huo kutengeneza ushahidi safi kiasi kwamba hata yeye hakuweza kuukataa. Na ulipomaliza hukunidhihaki zaidi ya mara moja. Nimesoma vitabu vingi na sijakutana na mtu wa namna hiyo mahali pengi. Naandika haya nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nimekulea, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa sukuma wiki iliyoungua. Kuna siku uliumwa na tumbo kwa mara ya kwanza kama msichana, nikakimbilia dukani, nikarudi na pakiti imefungwa gazetini, nikaiacha mezani pamoja na kitabu cha bayolojia kikiwa wazi kwenye ukurasa unaohusika. Ukaniita kupitia mlango: "Barasa, Mama alinieleza mwaka jana." Huyo ndiye mzazi uliyepewa. Na bado umetokea hivi.

Sasa sehemu mbaya. Jumamosi ile Mama aliporudi, akakuta muziki wa kwaya unacheza na ukurasa wa mtandao uko wazi. Akashusha mfuko. "Barasa, umeitengeneza?" Nikasema, "Imepona, Mama." Maneno mawili ya kweli. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniombea pale pale mlangoni. Wewe ulikuwa umeshika birika. Ulisubiri kidogo, nikakuona ukisubiri, kisha ukamimina chai.

Nilidhani nitasema kesho yake. Kesho yake Mama alikuwa ameshasema kanisani kwamba wewe uliiua na mimi nikaifufua. Jumatatu Mama Shiru akaniletea simu ya mjukuu wake: "Baba Naliaka, wanasema wewe ni fundi?" Kila siku ilizidi kuwa vigumu, na kila siku hukusema kitu, nami nikaanza kujiambia kwamba labda hujali. Ulijali. Mtu anayechora jedwali kwa rula anajali.

Nilichojifunza ni kidogo lakini nimekilipia kwa kitu chako, kwa hiyo ni chako. Swali uliloliandika, lisome. Foleni icheke, mtu akusukume, lisome hadi nukta. Na mtu akikupongeza kwa kazi ya mwingine, una kama sekunde tatu za kumsahihisha. Zikipita, utahitaji miezi.

Ngoja. Naweka kalamu chini. Nikiendelea kukuandikia wewe, nitakuwa tena yule mwenye karatasi mfukoni.

*

Nimerudi. Mwandiko umebadilika, vumilia.

Nilimkuta Mama ameinama juu ya godoro, amefika herufi ya K. Nikasema, "Mama, kompyuta hakuiharibu Naliaka." Hakuinua kichwa. "Kwani ni nani?" Nikasema ni mimi, kwa jinsi nilivyoziweka kadi. Nikasema na aliyeitengeneza ni yeye, mimi nilifumba macho tu. Nikamweleza yote: Njeri, swali, neno la siri, mchezo wa redio, daftari. Mama Shiru alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele, anasikia kila neno. Sikusonga.

Mama aliinuka, brashi mkononi. Rangi ikadondoka kwenye kiatu chake.

"Na mimi nimemsema hivyo kanisani," akasema. "Mbele yake."

"Ndiyo, Mama."

"Naye akanyamaza."

"Alinyamaza."

"Na wewe ukanyamaza." Hakunipiga, hakunifokea. Ningependa afoke. Akasema tu, "Wewe nitakuja kukuongelesha nikirudi kutoka shule. Leo si siku yako." Nadhani hiyo ni haki.

Nikamuuliza, "Fomu je?"

"Fomu ni ya mwenye mkono uliotengeneza mashine," akasema, akanawa rangi kwa mafuta ya taa, akaingia ndani. Nilimfuata nikasema naweza kumwonyesha zile namba mbili, ni kazi ya dakika moja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Wewe toka hapo."

Amevuta stuli, ameketi mbele ya mashine. Hajaiwasha. Hajui kuiwasha. Ameweka mikono mapajani kama mtu aliye kwa daktari, na kila viatu vinapopita nje anageuka kutazama mlango. Anakungoja wewe umwonyeshe.

Utakapoisoma barua hii utakuwa tayari unajua kilichofuata. Mimi bado sijui. Nasikia kicheko chako pale kwa Mama Shiru, anakuambia kichwa chako kina umbo zuri. Naenda kusimama nje ili mbaki wawili.

Barasa